"Usiguse watu wangu": jinsi ya kujua kama makubaliano ya kutochukuliana wafanyakazi yanavunja sheria

Kazi yangu ni kusoma mikataba ya kampuni kabla wakubwa hawajaisaini, na siku hizi kifungu ninachokisoma mara mbili si cha malipo. Ni kile kifupi kinachokaa karibu na mwisho, baada ya usiri na kabla ya usuluhishi: "Kila upande unakubali kutoajiri wafanyakazi wa upande wa pili." Ukimuuliza aliyekiandika kipo kwa sababu gani, mara nyingi hajui. Alikinakili kutoka mkataba wa zamani. Na wakati mwingine hakuna hata kifungu. Kuna wakurugenzi wawili waliokula chakula cha mchana pamoja wakaambiana, "Mimi sigusi wako, nawe usiguse wangu."

Je, ni haramu? Kama makubaliano yamesimama peke yake, bila biashara ya kweli inayoyahitaji, yahesabu kuwa haramu mpaka wakili akuonyeshe vinginevyo. Kama yamo ndani ya biashara halali na yamekatwa kwa kipimo cha biashara hiyo, yanaweza kusimama. Kazi yote iko katika kuyatenganisha haya mawili. Sheria za nchi hazilingani kwa maneno wala kwa adhabu, kwa hiyo wakili wa unakofanyia kazi hatakosa la kufanya. Ila ukimfikia ukiwa umeshajibu maswali yaliyomo humu, saa utakazomlipa zitapungua.

Tenganisha kwanza mambo matatu

Watu huyachanganya sana. La kwanza ni mkataba wa mfanyakazi mwenyewe unaomkataza kwenda kwa mshindani akiacha kazi. Huo ni kati ya mwajiri na mwajiriwa, aliuona na aliusaini, na una sheria zake. Sio mada yetu.

La pili ni uamuzi wa kampuni moja kujiwekea mpaka. "Hatutafuti watu kwa mteja wetu mkubwa, tutamuudhi." Hapo hakuna makubaliano, na kwa kawaida hakuna kosa. Lakini mpaka huo ni mwembamba kuliko watu wanavyodhani. Mkurugenzi akimpigia mteja simu na kusema, "Sisi watu wako hatuwagusi, natumaini nanyi mnafanya hivyo hivyo," na yule akaitikia, mmeshahama kutoka uamuzi kwenda mapatano.

La tatu ndilo letu: waajiri wawili au zaidi wanaelewana kutoajiri, kutotafuta, au kutopandisha ofa kwa watu wa mwenzao. Mfanyakazi hayupo mezani, na mara nyingi hajui kama kuna meza.

Sheria inaingilia kwa sababu katika soko la ajira kampuni ni mnunuzi. Waajiri wawili wakikubaliana hivyo, wanakuwa kama wanunuzi walionong'onezana mnadani kwamba asiwepo wa kupandisha bei ya mwenzake. Ofa ya mshindani humnufaisha hata asiyehama, kwani ndiyo anayokwenda nayo kwa bosi wake kuomba nyongeza.

Wengi hujitetea kwa kusema, "Lakini sisi si washindani, tunauza vitu tofauti." Bidhaa hazihusiki hapa. Mwaka 2010 Wizara ya Sheria ya Marekani ilipozishitaki Adobe, Apple, Google, Intel, Intuit na Pixar, mmoja alikuwa anatengeneza filamu za katuni, mwingine vichakataji vya kompyuta, mwingine programu za hesabu za biashara. Kilichowaunganisha ni kwamba wote waliwinda wahandisi wale wale. Jiulize nani angeweza kumwajiri mtu wako kesho asubuhi. Huyo ndiye mshindani wako. Kanada imekwenda mbali zaidi. Tangu 23 Juni 2023, waajiri wasio wa kundi moja la kampuni wakikubaliana kutochukuliana wafanyakazi ni jinai, na mwendesha mashtaka hatakiwi kuthibitisha kwamba wanashindana. Kifungo kinafika miaka 14.

Lishike kifungu, kisha ondoa biashara

Hiki ndicho kipimo ninachoanza nacho. Chukua mkataba, futa kila kitu kinachohusu biashara yenyewe: bidhaa, huduma, ubia, fedha. Kilichobaki ni ahadi ya kutoajiriana? Basi iweke pembeni ahadi hiyo na uangalie upande wa pili: biashara ile ingeweza kwenda bila ahadi hii? Kama ingekwenda vizuri tu, ahadi ni pambo, na ni pambo la hatari.

Ipo mifano ambapo jibu ni hapana, isingekwenda. Unauza kampuni yako. Mnunuzi anayefikiria kuichukua anafungua vitabu na kuona majina ya watu wako muhimu pamoja na mishahara yao. Dili likivunjika, ataondoka na orodha hiyo kichwani. Ni haki kumtaka asiwafuate watu hao kwa muda fulani. Au kampuni mbili zinaanzisha mradi wa pamoja, kila moja inaleta mafundi wake bora, na kila moja inaogopa mradi utageuka usaili. Au wakala wa ajira anashirikiana na wakala mwenzake kumhudumia mteja mmoja. Mwaka 2021 Mahakama ya Rufani ya Mzunguko wa Tisa nchini Marekani ilikubali kifungu cha namna hiyo katika kesi ya Aya Healthcare dhidi ya AMN, wote wakiwa mawakala wa wauguzi wa muda, kwa sababu ushirikiano wao ulikuwa wa kweli na kifungu kilikuwa sehemu yake.

Lakini kuwepo kwa biashara ya kweli hakutoshi. Bado kuna kipimo. Pitia manne haya: nani anahusika, kwa muda gani, eneo gani, na kinakataza nini hasa. Nikiona "wafanyakazi wote" ninauliza kwa nini mpishi wa kantini ametajwa katika mradi wa wahandisi wanane. Nikiona hakuna tarehe ya mwisho, nakirudisha. Na kukataza kumfuata mtu ni jambo jepesi kuliko kukataza kumwajiri hata akija mwenyewe; la pili linamfungia mfanyakazi mlango alioupata kwa miguu yake.

Kifungu ninachoweza kukitetea husomeka hivi: "Kwa muda wa mradi na miezi sita baada ya kumalizika kwake, Kampuni B haitawafuata wahandisi waliotajwa katika Kiambatisho cha 2 kwa lengo la kuwaajiri. Kifungu hiki hakimzuii mfanyakazi yeyote kuomba kazi kwa hiari yake, wala hakiizuii Kampuni B kutoa matangazo ya kazi ya wazi na kumwajiri atakayeyajibu." Hakivutii, najua. Ukikipeleka kwa mkurugenzi atakwambia hakina meno. Mjibu kwamba yale meno anayoyataka ndiyo yatakayomuuma yeye.

Ukitaka kulinda gharama zako zaidi ya hapo, fikiria ada badala ya katazo: mteja akimchukua mtu uliyempeleka kwake, analipa kiasi kinachoakisi gharama halisi ya kumtafuta na kumfundisha. Kiasi hicho kikiwa kikubwa kiasi cha kumfanya mtu asiajirike, umerudi kwenye katazo kwa mlango wa nyuma. Na usidhani kifungu kati ya mtoa huduma na mteja wake hakiguswi kwa kuwa mmoja yuko juu na mwingine chini. Januari 2025 FTC, tume ya Marekani inayosimamia ushindani wa biashara, iliiamuru Planned Companies, inayotoa walinzi wa milangoni na wasafishaji wa majengo, iache kuwafunga wateja wake na vifungu vya kutowaajiri wafanyakazi hao.

Kifungu halali nacho hunenepa

Mfano wa Ulaya naupenda kwa sababu unaonyesha jinsi kosa linavyokua taratibu. Julai 2018 Delivery Hero ya Berlin, kampuni ya kupeleka chakula kwa wateja, ilinunua hisa chache katika mwenzake wa kazi hiyo, Glovo ya Barcelona. Mkataba wa wanahisa ulikuwa na katazo la kuajiriana lenye mipaka, kwa baadhi ya wafanyakazi. Mpaka hapo mtu angeweza kulitetea. Muda si mrefu likatanuka likawa maelewano ya jumla ya kutowafuata wafanyakazi wa kila upande. Wakaanza pia kupeana taarifa nyeti za biashara na kugawana nchi za kufanyia kazi. Tarehe 2 Juni 2025 Kamisheni ya Ulaya ilizitoza faini ya jumla ya euro milioni 329 kwa mambo hayo matatu pamoja: milioni 223 kwa Delivery Hero, milioni 106 kwa Glovo. Ilikuwa mara ya kwanza kwa Kamisheni kuadhibu ushirika haramu katika soko la ajira.

Kwa hiyo kusaini sio mwisho wa ukaguzi. Mimi huweka tarehe kwenye kalenda ya kuuliza idara ya rasilimali watu: mnakitumiaje kile kifungu? Jibu linalonishtua ni, "Tumeamua tu kwa ujumla kwamba wale hatuwachukui."

Mdomo, kimya na tabasamu

Wakurugenzi wengi huamini kwamba ambalo halikuandikwa halipo. Ile kesi ya 2010 ya kampuni za Silicon Valley, kitovu cha teknolojia huko California, inapaswa kumaliza imani hiyo. Zile ahadi zilikuwa za wakubwa kwa wakubwa. Eric Schmidt, aliyekuwa mkuu wa Google, aliagiza taarifa za ahadi hizo zipelekwe kwa mdomo kwa kuwa hakutaka maandishi ambayo yangeweza kutumiwa kuwashitaki. Aliagiza kwa barua pepe.

Machi 2007 mtu mmoja wa Google aliyekuwa na kazi ya kutafuta waajiriwa alimfuata mhandisi wa Apple. Steve Jobs, mkuu wa Apple wakati huo, akamwandikia Schmidt akitaka jambo hilo likome. Google ikajibu kwamba mtafutaji huyo ataachishwa kazi ndani ya saa moja, na Jobs alipotumiwa habari hiyo aliipeleka kwa mtu wake wa rasilimali watu akiwa ameongeza alama ya tabasamu tu. Nukta mbili na bano moja zikawa ushahidi mahakamani.

Kwa upande wa serikali kesi ile ya 2010 iliisha kwa maridhiano bila faini. Wafanyakazi ndio waliokuja kudai fedha. Zaidi ya wahandisi 64,000 waliwakilishwa katika dai la pamoja huko San Jose. Agosti 2014 Jaji Lucy Koh alikataa fidia ya dola milioni 324.5 waliyokuwa wamekubaliana mawakili, akisema ni ndogo. Mwaka uliofuata ikaidhinishwa ya dola milioni 415 kutoka kwa Apple, Google, Intel na Adobe. Ukiona bosi anapuuza faini ya mamlaka, mtajie madai ya wafanyakazi.

Miaka sita baada ya kesi ile ya 2010, yaani Oktoba 2016, mamlaka za Marekani zilitangaza kwamba mapatano matupu ya aina hii, yasiyo na biashara ya kweli nyuma yake, yatashughulikiwa kama jinai. Sheria yenyewe, ile ya Sherman ya mwaka 1890, inaruhusu kifungo cha hadi miaka 10.

Lazima niseme na upande wa pili, maana wapo wanaouza hofu. Waendesha mashtaka wa Marekani wameshindwa kesi kadhaa. Aprili 2022 baraza la wazee wa mahakama liliiachia huru DaVita, kampuni ya huduma za kusafisha damu, pamoja na aliyekuwa mkuu wake, baada ya jaji kueleza kwamba haitoshi kuonyesha kuwa kulikuwa na makubaliano. Ilibidi yathibitishwe kuwa na lengo la kuua ushindani wa kweli wa wafanyakazi hao. Mwaka mmoja baadaye, huko Connecticut, jaji aliwaachia washitakiwa wa sekta ya injini za ndege hata kabla kesi haijafika kwa baraza la wazee wa mahakama, kwa kuwa watu walikuwa bado wanahama na makubaliano yalijaa mianya ya kuruhusu kuajiri. Kwa upande mwingine, Oktoba 2022 wakala mmoja wa wauguzi wa shule huko Nevada, VDA, alikiri kosa la kukubaliana na mwenzake kutochukuliana wauguzi na kutowapandishia malipo. Faini dola 62,000 na fidia dola 72,000. Ukizilinganisha, utaona mlango wa kutokea upo, ila unapita ndani ya mahakama ya jinai, na hakuna mteja wangu ambaye ningemshauri apitie huko akitafuta unafuu.

Ukiletewa pendekezo

Jibu siku hiyo hiyo, kwa maandishi, na kataa kwa maneno yasiyopindika. Ninaowashauri huwapa haya: "Nimepokea ujumbe wako. Hatufanyi makubaliano ya aina hii na kampuni yoyote. Tutaendelea kumwajiri yeyote anayefaa, wakiwemo wanaotoka kwenu. Tafadhali usinitumie tena pendekezo hili." Usiweke "nimekuelewa" wala "tutaangalia," hata kwa adabu tu. Kidole gumba cha WhatsApp ni jibu. Kunyamaza pia ni hatari, hasa katika kikao: chini ya sheria za Ulaya, anayekaa kimya wakati wenzake wanapatana huhesabiwa yumo, isipokuwa amejitenga waziwazi. Simama, sema hukubali, taka iandikwe kwenye muhtasari, kisha ondoka. Utaonekana mkorofi. Vumilia.

Kuna mtu aliyefanya hivyo akiwa amebanwa kuliko utakavyobanwa wewe. Mwaka 2007 Jobs alimtaka Edward Colligan, mkuu wa Palm, kampuni ya simu za mkononi, waache kuchukuliana wafanyakazi, na akadokeza kuwa Apple ina hataza (haki za uvumbuzi) nyingi na fedha nyingi za kupeleka kesini. Colligan alijibu kwa barua pepe kwamba jambo hilo si sahihi na huenda hata ni kinyume cha sheria. Barua hiyo ilipotoka hadharani baadaye, yeye ndiye aliyeonekana vizuri.

Kisha mjulishe mwanasheria wa kampuni na uhifadhi ujumbe. Na ukiwa kwenye kundi la maafisa rasilimali watu wa kampuni mbalimbali ambamo mtu huuliza, "Jamani, mwaka huu mnaongeza asilimia ngapi?", hilo ni kosa jirani. Toka.

Ukigundua tayari mmo

Usifute chochote. Kufuta barua pepe kunaweza kukuzalishia kosa jipya ambalo ni rahisi kulithibitisha kuliko lile la kwanza. Usimpigie yule wa upande wa pili kumuuliza "tunasemaje." Mtafute wakili wa ushindani, wa nje ya kampuni ikiwezekana, na umuulize mapema kuhusu msamaha kwa anayejitokeza kwanza. Mamlaka nyingi za ushindani zina utaratibu huo: wa kwanza kueleza kila kitu anaweza kusamehewa faini, wa pili anapata nafuu, wa tatu anakuwa mfano. Wiki moja ya kusitasita inaweza kukupotezea nafasi hiyo, kwa sababu mwenzako naye ana wakili.

Ndani ya kampuni, sitisheni maelewano kwa maandishi na muwaambie wanaoajiri kwamba majina yaliyokuwa yamekatazwa sasa yako wazi. Maagizo ya aina hii huishi muda mrefu katika vichwa vya wanaopanga usaili, hata mkurugenzi aliyeyatoa akiwa ameshastaafu.

Kama wewe ndiye mfanyakazi

Dalili huwa ni ndogo. Usaili unakwenda vizuri halafu unaambiwa, "Tungekuchukua, lakini tuna maelewano na waajiri wako." Au unatakiwa umwarifu bosi wako wa sasa kabla hawajakupokea; sharti la kumtaarifu bosi kwanza ni mojawapo ya mambo yaliyodaiwa katika kesi ya DaVita. Au wakala wa ajira anakwambia jina la kampuni yako liko kwenye orodha isiyopigiwa simu. Kukataliwa peke yake si ushahidi, kampuni hukataa watu kwa sababu elfu. Maneno ndiyo ushahidi.

Kwa hiyo yaandike siku hiyo: nani alisema, lini, kwa maneno gani, nani mwingine alikuwepo. Ukiweza, waombe kwa upole wakuandikie sababu. Utashangaa wangapi huiandika, kwa kuwa hawajui kuwa ni kosa. Usichukue nyaraka za kampuni zisizo zako kutafuta ushahidi zaidi, utajiharibia. Peleka ulichonacho kwa mamlaka ya ushindani au wakili, na umwombe aanze na swali la muda, kwa sababu madai haya yana ukomo, na nchi hazikubaliani kama siku zinahesabiwa tangu makubaliano yalipofanywa au tangu ulipoyagundua.